Dodoso fupi la majivuno

SWALI: Nasomea saikolojia, kwetu ni Kaloleni, Kilifi. Nataka kupima tabia ya kujikweza kwa watu wa kawaida kwa dodoso fupi. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na lililopo. Dodoso la majivuno la Raskin na Terry la mwaka 1988 lina jozi 40 za sentensi. Ames na wenzake walilipunguza hadi jozi 16 mwaka 2006. Ila usilitafsiri tu na kuligawa. Keti na watu wachache, mmoja mmoja, wasomee kila jozi kwa Kiswahili au Kigiriama, kisha waeleze walivyoielewa. Hapo ndipo kazi ilipo. Mzee wa mtaa akisema watu humsikiliza, huenda hajisifu hata kidogo. Anaeleza wadhifa wake. Sentensi kama hiyo itakudanganya. Tena wahoji faraghani, maana mbele ya jirani hakuna atakayekiri kuwa anapenda sifa.

Baadaye chukua sampuli ya nasibu vijijini, si watu wa sokoni pekee, na baadhi yao uwarudie baada ya wiki mbili uone kama majibu yanalingana. Hapo Kilifi kuna mfano mzuri: mwaka 2020 ilichapishwa tathmini ya GAD-7 ya Kiswahili, maswali 7 ya wasiwasi, kwa watu wazima wanaoishi na VVU. Isome kwa makini.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya Kenya, ni lazima. Na nakusihi, alama za juu zisikufanye umwite mtu mgonjwa. Dodoso la Raskin na Terry halikuundwa kutambua maradhi.