Neno Moja, Maana Mbili: Mushtarak Ndani ya Kerneli ya Linux



Ndugu zangu, anayesoma Usuul al-Fiqh hukutana mapema na lafdhi mushtarak, yaani neno moja lenye maana zaidi ya moja. Mfano maarufu ni neno quruu katika Suratul Baqarah, aya ya 228, kuhusu eda ya mwanamke aliyepewa talaka. Imamu Abu Hanifa alilichukua kwa maana ya hedhi, Imamu Shafi'i kwa maana ya twahara. Kiarabu kinakubali zote mbili, na siku ya eda kwisha hubadilika kwa kufuata maana iliyochukuliwa. Basi huo si ubishi wa maneno tu.

Ugonjwa huohuo uliwahi kuisumbua kerneli ya Linux, ile sehemu ya ndani inayogawia programu kumbukumbu ya kompyuta. Kumbukumbu hukatwa vipande vya kilobaiti 4, kila kimoja huitwa ukurasa, na kila ukurasa una daftari lake dogo liitwalo struct page, la baiti 64 katika kompyuta nyingi za leo. Piga hesabu: mashine ya gigabaiti 16 ina kurasa 4,194,304, na madaftari hayo peke yake hula megabaiti 256.

Kurasa jirani huweza kuunganishwa kuwa kipande kimoja kikubwa. Wa kwanza huwa kichwa na kubeba habari kuu. Wanaofuata ni mikia, na kila mkia huhifadhi anwani ya kichwa chake. Anwani hiyo hutiwa 1 kwenye biti ya mwisho ili iwe alama ya mkia, kwa kuwa anwani halisi daima ni shufwa na biti ile ilikuwa wazi. Ujanja mzuri, lakini mgeni ataujuaje?

Sasa funksheni ikipewa "ukurasa", imepewa nini: ukurasa wa pekee, kichwa au mkia? Jina ni moja. Mwandishi mwangalifu alikitafuta kichwa kila mahali, hata pale kilipokwisha kupatikana, na kazi ikarudiwa bure. Asiye mwangalifu alisoma habari za kichwa kwenye mkia. Wanausuul wangesema kila msomaji wa programu ile alilazimika kutafuta qarina upya.

Matthew Wilcox alileta jina jipya, folio: ni kipande ambacho kamwe si mkia. Hakuongeza hata baiti moja, kwani folio ni kumbukumbu ileile ya kichwa ikitazamwa kwa jina lingine. Faida ni kwamba kompaila yenyewe sasa humkatalia anayepeleka ukurasa wowote tu pale inapotakiwa folio. Baada ya mjadala mrefu, hata juu ya jina lenyewe, kazi hiyo iliingia katika toleo la 5.16, Januari 2022.

Ulinganisho wangu una mpaka. Mja hubadilisha jina alilolitunga mwenyewe. Neno la Qur'an halibadilishwi, ndiyo maana mwanachuoni hubaki na qarina na ijtihadi yake.

Kwa upande wa Linux kazi haijakwisha. Baiti zilezile za struct page bado hubeba maana tofauti kulingana na matumizi ya ukurasa, na lengo la Wilcox ni kuligawa daftari hilo hadi libaki na baiti 8. Kwa mashine yetu ya gigabaiti 16, megabaiti 256 zitakuwa 32.