SOMO LA TEKNOLOJIA: Kusoma Namba ya Simu kutoka Mwisho

Kikundi cha wakulima kutoka Mwingi au Wote kinapoandikisha wanachama, mmoja huandika namba yake 0712 345 678, kwa mfano, na mwingine huiandika +254712345678. Kwa mtu, hiyo ni namba moja. Kwa kompyuta, ni mbili. Ndipo mkazi mmoja hupata ujumbe mara mbili na orodha ya wanufaika huharibika.

Suluhisho ni kusoma kutoka mwisho. Mwanzo hutofautiana, lakini tarakimu 9 za mwisho hazibadiliki. Katika lugha ya Python, huandikwa hivi:

namba = "0712 345 678"
safi = ""
for alama in reversed(namba):
    if alama.isdigit():
        safi = alama + safi
    if len(safi) == 9:
        break

Mstari wa tatu huanza na alama ya mwisho na kurudi nyuma. Wa nne huchukua tarakimu pekee na kuruka nafasi. Wa tano huweka kila tarakimu mbele ya zilizokwisha kupatikana. Bila hivyo namba ingegeuka. Zikifika 9, kazi husimama. Namba zote mbili hutoa 712345678.

Zisipofika 9, namba haijakamilika. Karani asifute jina. Amuulize mwenyewe kwanza, kwa kuwa kosa la tarakimu moja lisimnyime mkazi haki yake.

Zoezi: Andika neno "Makueni" badala ya namba, kisha lichapishe kutoka herufi ya mwisho.