Jifunze Gari Lako: Jinsi ya Kurefusha Mwendo wa Magurudumu ya Mbele kwa Barabara Mbovu

Mvua zikinyesha, barabara nyingi za mashinani hukatika. Laga hufurika, maji huchimba mitaro, na gari lililobeba mgonjwa, dawa au chakula cha shule hukwama pale ambapo wiki iliyotangulia lilipita bila shida. Ndiyo maana wenye magari wengi huenda gereji wakisema, "Fundi, niinulie gari." Somo hili ni la wenye magari, madereva na mafundi wetu. Linaeleza ni nini hasa kinacholisaidia gari kupita mahali pabaya, na kwa nini kuinua peke yake huenda kukaongeza hatari bila kuongeza faida.

Mwendo wa gurudumu ni nini?

Ni umbali ambao gurudumu laweza kupanda na kushuka huku gari likiwa limesimama mahali pake. Gari linapovuka mtaro kwa mshazari, gurudumu moja la mbele husukumwa juu na la pili hutakiwa lishuke shimoni. Lisipofika chini, huning'inia hewani. Katika magari mengi yasiyo na lock ya difu, nguvu ya injini hupotelea kwenye gurudumu hilo lisilo na uzito. Linazunguka bure, na gari halisogei. Kwa hiyo lengo letu ni magurudumu yote manne yabaki ardhini. Urefu wa gari ni jambo jingine.

Kuinua si kurefusha mwendo

Tuchukue mfano. Tuseme shokomzoba ya mbele inaweza kuingia na kutoka kwa sentimita 20. Gari likiwa limetulia, imebaki na sentimita 10 za kuingia na 10 za kutoka. Sasa fundi anaweka kipande cha chuma cha sentimita 5 juu ya springi na kuiacha shokomzoba ile ile. Gari limepanda, lakini shokomzoba imekwisha vutwa sentimita 5. Imebaki na 15 za kuingia na 5 tu za kutoka. Jumla bado ni 20.

Mwenye gari ameongeza nafasi chini ya mwili wa gari, lakini gurudumu sasa linashuka nusu ya lilivyokuwa likishuka. Katika mtaro ule ule litaning'inia mapema zaidi. Anayetaka mwendo mrefu hana budi kubadilisha springi na shokomzoba kwa pamoja, vikiwa vimechaguliwa kufanya kazi pamoja.

Pima kabla ya kununua

1. Egesha gari mahali tambarare. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi.
2. Inua gari kwa jeki chini ya fremu hadi gurudumu lining'inie, kisha weka stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.
3. Pima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mwendo wa kushuka.
4. Gari likiwa chini, pima nafasi iliyopo kati ya ekseli na mpira wa kugota ulio juu yake. Huo, kwa makadirio, ndio mwendo wa kupanda.

Andika vipimo vya pande zote mbili. Upande mmoja ukitofautiana sana na mwingine, huenda springi imechoka. Rekebisha hilo kwanza.

Tafuta kinachofika mwisho kwanza

Gurudumu halishuki zaidi ya kifaa kilicho kifupi kuliko vyote. Ukirefusha shokomzoba, kifaa kinachofuata ndicho kitakachovutwa. Kagua hivi kwa mpangilio:

• Mpira wa breki. Ukiwa mfupi, hukatika gurudumu linaposhuka, na breki hupotea. Weka mrefu zaidi kabla ya jambo jingine lolote.
• Springi. Ya koili yaweza kuchomoka kwenye kiti chake ikiwa shokomzoba ni ndefu kuliko inavyofaa.
• Shafti ya mbele na krosi zake. Pembe ikizidi, krosi hugongana na kuvunjika.
• Mpira wa kugota. Shokomzoba ndefu huwa ndefu hata inapofungika. Mpira wa kugota lazima ugusane na ekseli kabla shokomzoba haijaishiwa na nafasi. La sivyo shokomzoba hupigwa na kung'oa mahali ilipofungwa.
• Tairi. Likipanda huku usukani umekatwa, lisiguse madigadi wala fremu.

Kila gari na mpangilio wake

Land Cruiser pikapu za mfululizo wa 70 zina ekseli moja nzima mbele. Zilizotengenezwa kuanzia 1999 hutumia springi za koili mbele. Pikapu za kabla ya hapo hutumia springi za majani. Ekseli nzima ni rahisi kuiongezea mwendo: upande mmoja ukipanda, wa pili hushuka. Lakini za koili zikiinuliwa, ekseli hujizungusha kidogo, na usukani huanza kutangatanga au kukataa kurudi wenyewe baada ya kona. Hilo hurekebishwa kwa bushi maalum. Kwa springi za majani, majani mengi magumu hubeba mzigo vizuri lakini hayapindi. Chagua springi kulingana na mzigo unaobeba kila siku.

Hilux za kuanzia 2005 zina mpangilio mwingine: kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka peke yake kwa mikono miwili ya chuma. Hapa mwendo huzuiwa na boljointi ya mkono wa juu na sivijointi inayozungusha gurudumu. Ukiinua kupita kiasi, mipira ya sivijointi hupasuka, vumbi huingia, na kifaa hufa. Mwendo mrefu kwelikweli huhitaji mikono mirefu zaidi, pamoja na tairodi na shafti zinazolingana nayo. Hiyo ni kazi ya gereji yenye ujuzi na vifaa vilivyotengenezwa kwa gari hilo. Usikubali mkono wa mbele au tairodi ikatwe na kuchomelewa ili irefuke. Kiungo hicho kikiachia barabarani, dereva hana usukani tena.

Usalama na sheria

Gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona na kwenye lami. Likibebeshwa magunia na abiria juu, hatari huongezeka maradufu. Inua kidogo iwezekanavyo, na punguza mwendo.

Kabla ya kazi, ulizia NTSA kuhusu ukaguzi wa gari lililobadilishwa, na uarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi. Bima inaweza kukataa kulipa kwa mabadiliko isiyoyajua.

Kabla hujatoka gereji

Panda tuta la udongo polepole kwa gurudumu moja la mbele, huku mtu mwingine akiangalia kutoka kando, mbali na njia ya gari. Kata usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Mpira wa breki ulegee bado, tairi lisiguse kitu, na springi ikae kwenye kiti chake. Rudia kwa upande wa pili. Kisha fanyiza alaimenti ya magurudumu, na baada ya siku chache za kazi rudi ukakazwe bolti zote.

Wakazi wanahimizwa kuuliza fundi swali moja kabla ya kulipa: "Baada ya kazi hii, gurudumu langu litashuka sentimita ngapi, na ni kifaa gani kitakacholizuia?" Fundi anayeijua kazi atapima na kukujibu. Anayejibu tu kwamba gari litakuwa juu, mshukuru, kisha utafute mwingine.