Kahawa yetu, kikombe chao, kalamu ya nani?

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za mjini hukosi kuona kabati la vioo sebuleni, na ndani yake seti ya chai na kahawa yenye ukingo wa dhahabu. Seti hiyo haiguswi na watoto na haitolewi ila kwa mgeni mzito. Mwenye nyumba akisifiwa hujibu kwa fahari kuwa ni ya Kifaransa, hata kama imetengenezwa kwingine na Ufaransa imebaki katika mapambo tu. Leo tuitazame seti ya Kifaransa hasa, tuone imebeba nini zaidi ya kahawa.

Tuanze na kahawa yenyewe. Kinywaji hiki kilienea duniani kutoka Yemen katika karne ya 15, ambako masufi walikinywa ili wapate kukesha katika dhikri. Kutoka huko kilifika Makka, Cairo na Istanbul. Mwaka 1669 balozi wa dola ya Uthmaniya, Suleiman Aga, alikwenda Ufaransa kwa mfalme Louis XIV, na wakubwa wa Paris waliomtembelea wakakirimiwa kahawa. Haikuchukua muda ikawa mtindo wa mji. Hata jina lake waliliazima kwetu, maana asili yake ni neno la Kiarabu, qahwa.

Na kikombe je? Kauri ni elimu ya Wachina. Wafaransa waliitafuta kwa miaka mingi. Kiwanda kilichoanza Vincennes mwaka 1740 kilihamishiwa Sèvres, karibu na Paris, mwaka 1756, na mwaka 1759 mfalme Louis XV akakifanya mali yake. Takriban mwaka 1768 uligunduliwa karibu na mji wa Limoges ule udongo mweupe uitwao kaolini, ambao ndio siri ya kauri ngumu. Chombo huchomwa katika tanuri kali, huchorwa, hupakwa dhahabu, huchomwa tena kwa moto mdogo, kisha dhahabu husuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae. Ni kazi ya mikono iliyofunzwa, na mwenye haki apewe haki yake.

Wapo watakaouliza hukumu ya kunywea chombo chenye dhahabu. Hadithi sahihi zimekataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Ama kile kilichopakwa maji ya dhahabu tu, kiasi kwamba hata kikitiwa motoni hakitoki kitu, wanazuoni wamekijadili na wapo walioruhusu kukitumia. Mwenye shaka amuulize shekhe wake. Makala hii inahusu kile kilichochorwa juu ya kikombe.

Julai 1798 jeshi la Napoleon lilitua Misri. Halikuja na mizinga peke yake, bali pia wasomi na wachoraji zaidi ya 150. Oktoba mwaka huo wananchi wa Cairo waliinuka, na mizinga ikaelekezwa msikiti wa Al-Azhar. Wafaransa walifukuzwa Misri mwaka 1801, lakini waliondoka na michoro. Mmoja wao, Vivant Denon, alichapisha kitabu chake mwaka 1802, na kiwanda cha Sèvres kikaichukua michoro hiyo na kuihamishia juu ya mabuli, vikombe na visahani. Seti moja ya kahawa ya aina hiyo, yenye rangi ya buluu, dhahabu na mandhari za Misri, ilikuwa ya Napoleon mwenyewe.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mafundi walipamba vyombo hivyo kwa maandishi ya Misri ya kale, nao hawakujua hata herufi moja. Maandishi hayo yalikuja kusomwa na Champollion mwaka 1822. Vita iliyoshindwa ikageuzwa pambo la mezani. Mgeni aliyekunywa humo aliona mahekalu na mitende, hakuona Al-Azhar ikipigwa mizinga.

Basi sisi tumejuaje? Tumejua kwa sababu alikuwepo mtu aliyeshika kalamu. Sheikh Abdurrahman al-Jabarti, mwanazuoni wa Cairo ambaye asili ya ukoo wake ni Habash, aliyaandika aliyoyashuhudia. Aliandika jinsi askari walivyoingia Al-Azhar na farasi wao. Wala hakuandika kwa chuki tupu. Aliingia maktaba ya Wafaransa hapo Cairo, akakiri kuwa ni watu waliojitahidi katika elimu. Hakuwa na tanuri wala dhahabu. Alikuwa na wino tu, na wino huo ndio unaotuwezesha leo kukitazama kile kikombe bila kudanganyika.

Napoleon alikufa mwaka 1821 akiwa mfungwa katika kisiwa cha St. Helena, alikokwenda na seti yake ya kahawa. Ufalme ulimponyoka, vikombe vikabaki naye.

Sasa tujiulize sisi. Ni misikiti yetu mingapi ina daftari linaloeleza nani alitoa kiwanja kuwa wakfu, mwaka gani na mbele ya mashahidi gani? Mara ngapi tumegombania mali ya wakfu na hatuna hata karatasi moja, kwa kuwa mzee aliyejua alikwisha kuzikwa? Barua za babu zetu kwa hati ya Kiarabu ziko wapi, kama si ndani ya masanduku zikiliwa na mchwa? Kisha tunalalamika kuwa historia yetu imeandikwa na wengine. Asiyejiandika huandikwa, na huenda akachorwa kwenye kikombe cha mwenzake.

Seti ya kabatini si dhambi. Kosa ni kutunza vikombe kuliko tunavyotunza kumbukumbu. Wiki hii baada ya sala ya Ijumaa, mfuate mzee mmoja wa msikiti wako. Mkaribishe kahawa, hata kwa kikombe cha bati, umuulize msikiti ule ulijengwaje na nani alitoa nini. Akianza kusema, wewe uwe umekwisha fungua daftari.