Kuchukia na Kuudhika

Wanachama wenzangu, vitenzi hivi wengi wetu tunavichanganya. Kuchukia ni kutopenda kabisa. Kuudhika ni kukasirika kidogo, kisha hasira hupita.

Jioni moja hapa Kabazi nilitoka shule nikakuta mdogo wangu amechana kurasa za daftari langu la hesabu, akawashia moto jikoni. "Nakuchukia!" nikamfokea. Alikataa githeri, akalala na machozi. Asubuhi nilimwambia, "Kuchana daftari langu kumeniudhi." Akanijibu, "Pole, sitarudia."

Jifunze basi: katika sentensi ya kwanza anayechukiwa ni mtu, katika ya pili kiima ni kitendo. Kitendo chaweza kuachwa. Je, mtu wa nyumbani aende wapi?