Mdogo wangu, umenunua sifa ukadhani ni sarafu

Leo chai ina tangawizi nyingi na maneno yangu nayo yana ukali wake, lakini mnanijua: nikifoka, ni kwa sababu nawapenda.

Barua ya leo imetoka Tanga. Kijana ameanza kukusanya sarafu za zamani tangu mwaka jana, baada ya kukuta kikopo cha marehemu bibi yake kina pesa za Mjerumani na senti zenye tundu. Hadi hapo sina neno, ni mapenzi mazuri hayo. Ila akaingia kwenye mnada wa mtandaoni, akakutana na rupia ya fedha ya Mjerumani ya mwaka 1904, imeandikwa "haijatumika kabisa, daraja la juu, nadra". Zimebaki dakika mbili. Moyo ukamdunda, akapandisha dau mara nne mfululizo, akashinda. Mzigo ulipofika, rupia inang'aa kama kijiko kipya cha harusi. Akaibeba mbiombio mpaka kwa sonara mmoja mzee, akitegemea atapongezwa. Mzee akaishika ukingoni kwa vidole viwili, akaigeuzageuza dirishani, akauliza swali moja tu: "Nani ameisugua hii?"

Anasema tangu siku hiyo halali vizuri, na mkewe bado hajaambiwa bei.

Pole, mdogo wangu. Na acha kujiita mjinga, maana neno hilo umeliandika mara tatu kwenye barua moja. Ungejua barua ninazopokea! Yupo aliyenunua gari kwa picha. Wewe umeteleza palepale wanapoteleza wote wanaoanza, na mimi nimo, nitakuja kusimulia aibu yangu hapa chini. Lakini kusema pole hakunizuii kukuuliza: aliyeandika "haijatumika" ni nani? Si ni yuleyule anayeiuza? Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Daraja la sarafu likitoka mdomoni mwa muuzaji ni sifa tu, kama mama ntilie anavyoyasifia maharage yake. Hatuna ugomvi na mama ntilie, tunacheka na kula. Ila maharage ni ya elfu mbili, na rupia yako ilikula nusu ya mshahara.

Ngoja nikueleze hayo madaraja, kwa sababu wengi mnayataja bila kuyajua. Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, William Sheldon, alipanga kipimo cha 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za kale za kwao. Namba 1 ni kipande kilichosagika mpaka unakitambua kwa shida. Namba 70 haina doa hata ukiitazama kwa lenzi. Kipimo hicho kikaenea kwa sarafu nyingine, na leo ndicho unachokiona minadani. Kuanzia 60 kwenda juu, na herufi MS mbele yake, ni sarafu ambazo hazijawahi kununulia mtu chumvi. Chini yake kuna AU, iliyoguswa kidogo, halafu XF, VF, F, na unashuka hivyo hadi G.

Hapo kwenye G pana mtego wa lugha. G ni "good", na sisi tuliosoma Kiingereza cha shuleni tunajua ni nzuri. Kumbe G ni 4 katika 70! Ni sarafu ambayo maandishi yake yameanza kumezwa na ukingo. Wajerumani nao, ambao ndio wanaouza sana hizi rupia na pesa zetu za zamani, wana lao: utaona "ss", yaani "sehr schön". Ukiuliza tafsiri utaambiwa "nzuri sana", kumbe ni sarafu ya daraja la kati, iliyozunguka sokoni miaka na miaka. Muuzaji hapo hajasema uongo hata chembe. Ni wewe uliyesoma kwa kamusi ya mtaani.

Juu kule kuna hatari zaidi. Kati ya 58 na 65 jicho la mgeni halioni tofauti yoyote, lakini bei inaweza kuruka mara kadhaa. Mwongo hana haja ya kukuuzia bati. Anachukua sarafu halali kabisa, anaiongezea namba chache, basi.

Haya, aibu yangu. Miaka ile naanza, niliona senti kumi ya Afrika Mashariki ya 1936, ile yenye tundu katikati, taji juu yake na meno mawili ya tembo upande wa pili, ina jina la Mfalme Edward wa Nane. Muuzaji aliandika hadithi ndefu: mfalme aliyeacha kiti kwa ajili ya mwanamke, hakumaliza hata mwaka, sarafu zake hazipatikani duniani. Nikalia kidogo, nakiri, kwa ajili ya yule mwanamke. Nikalipa. Ukweli wenyewe ni kwamba sarafu za Edward za Uingereza kwenyewe ndizo adimu ajabu, kwa sababu aliondoka Desemba 1936 kabla hazijaingia mtaani. Zetu za tundu hazikuhitaji sura yake, jina tu lilitosha, zikapigwa kwa wingi na kutumika kwa wingi. Mjomba wangu aliponisikia nikijisifu, aliingia ndani akatoka na saba. Zilikuwa kwenye kopo moja na misumari.

Kwa hiyo usimwachie muuzaji akusimulie sarafu. Historia yake inaweza kuwa kweli tupu na bei ikawa uongo.

Na hadithi zinatushika kwa sababu vitu hivi ni vyetu. Tunasema "pesa" tangu tunapojifunza kuongea, neno lililotufikia kutoka India, na Wajerumani wakalipiga kwenye sarafu zao za shaba za 1890. Tunasema "sina hela", na hela ni ile "Heller" ya Mjerumani, mia moja kwa rupia kuanzia 1904. Mtu akiishika mkononi anahisi ameshika mkono wa babu. Wauzaji wanalijua hilo. Wadogo zangu mlioko Muscat, Hamburg na Minnesota, nyie ndio mnawindwa zaidi, kwa kuwa mna kadi ya benki na mmepakumbuka nyumbani.

Sasa turudi kwenye kung'aa. Chukua sarafu mpya kabisa uliyorudishiwa chenji leo. Zima taa nyingine, bakiza moja, iinamishe na kuizungusha taratibu. Utaona mwanga unatembea nao, unazunguka kama spoku za baiskeli. Hiyo ni mistari midogo mno ambayo chuma huiacha kinapotawanyika chini ya mtambo. Sarafu ikisuguliwa, mistari hiyo inakufa. Mng'ao unaweza kubaki, hata ukazidi, ila umesimama tu, hautembei. Sasa itazame rupia yako hivyohivyo. Chungulia pembeni mwa herufi na kwenye mikunjo ya lile pambo lenye mabawa juu ya kofia ya Kaisari Wilhelm. Nina hakika utakuta weusi umejificha pale kitambaa kisipofika, na sehemu zilizo wazi zina mikwaruzo myembamba kama nywele, yote imeelekea upande mmoja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki chako kilipakwa hadi poda.

Ndiyo maana nasema, na nitasema tena mpaka mnichoke: ndimu na majivu tulivyofundishwa kusugulia sinia za shaba viishie kwenye sinia. Dawa ya meno ibaki kwenye meno. Sarafu ya miaka 120 ina haki ya kuwa na rangi ya uzee. Ukiisugua umeipunguzia thamani papo hapo, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Mtaniuliza, dada, si kuna zile zinazouzwa zimefungiwa kwenye kasha la plastiki na namba yake? Zipo, na zinasaidia. Kampuni kama PCGS na NGC, zilizoanza Marekani miaka ya 1980, zinalipwa kupima sarafu za watu, kwa hiyo anayetoa daraja siye mwenye sarafu. Ikiwa imesuguliwa hawaipi namba, wanaandika "Details" na kutaja kosa lake. Shikeni neno hilo, maana wajanja huandika "XF" kwa herufi kubwa kwenye tangazo, na sehemu ya pili ya lebo wakaiacha gizani. Tena makasha matupu yanauzwa, na kila mwenye printa anaweza kubuni jina la kampuni yake na kujipa MS 67. Kuna hata wanaoghushi makasha ya hizo kampuni kubwa. Ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, na ikikuletea picha, linganisha alama kwa alama, kwa sababu namba ya kweli inaweza kubandikwa kwenye kitu cha uongo.

Picha zenyewe nazo zisomeni. Picha iliyofifia ya sarafu inayoitwa kamilifu, kwa nini ifie gizani? Omba nyingine, pande zote mbili na ukingo, sarafu ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga. Muulize moja kwa moja: imewahi kusafishwa? Atakayekujibu "mimi si mtaalamu, ni ya marehemu babu" ilhali kwenye tangazo amejaza madaraja na namba, huyo mwache na babu yake. Na ukisoma "utapokea inayofanana na hii", ujue hujaonyeshwa unachonunua. Ni mbuzi kwenye gunia, na pengine hata mbuzi hayumo.

Nunueni mizani ndogo kama ya masonara. Rupia ya Mjerumani ina gramu 11.66. Ile ya dhahabu yenye tembo, rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, ina gramu 7.17, na zilitengenezwa elfu 16 hivi tu, kwa hiyo ukiikuta inauzwa bei ya kiswaswadu, funga simu ukapike. Reale ya Sham, ile yenye yule mama Maria Theresa, ina gramu 28 na kidogo. Lakini hiyo mizani haitakusaidia kujua umri wake, kwa maana karibu zote zimeandikwa 1780, na zimeendelea kupigwa kwa mwaka huohuo muda mrefu baada ya Maria Theresa kufa. Aliyekuambia yako ina zaidi ya miaka 240 amesoma tarehe tu, kama ulivyosoma wewe.

Dau, sasa. Hapa ndipo nawaona mnavyopoteza akili, maana mnada ni ngoma, ukikolea hujui unachezaje. Kabla ya kuingia, angalia sarafu kama hiyo imeuzwa kwa kiasi gani safari zilizopita; bei iliyotajwa kwenye tangazo isikutishe wala kukudanganya. Andika kikomo chako kwenye karatasi, jumlisha posta na ushuru, kisha mpe karatasi mtu anayekuonea huruma. Yule anayepandisha nawe usiku wa manane huenda ni shemeji yake muuzaji. Ukimshinda, umeshinda nini?

Na muuzaji akikusihi mtoke pembeni, umtumie pesa moja kwa moja nje ya mnada ili "akupunguzie", jibu ni hapana. Akikuita mtu mwenye roho ndogo, jibu bado ni hapana. Ulinzi wa mnunuzi unabaki mlangoni ukitoka.

Hii nyingine naipitia haraka kwa kuwa nimeiandika mara mbili tayari: wale wanaotangaza kwamba wananunua senti yako ya tundu kwa mamilioni, ila kwanza utume "ada ya usajili", hawanunui senti. Wanakusanya ada.

Wewe wa Tanga, nimekuacha mwisho makusudi ili upoe. Usiifute rupia wala kuiosha. Iweke kwenye kifuko chake kama ilivyofika, ipige picha ikiwa imeinama chini ya taa moja mpaka mikwaruzo ionekane, na upige picha ya tangazo lile lenye neno "haijatumika" kabla halijaondolewa. Mwandikie muuzaji kwa adabu kupitia mnada uleule: imeelezwa hivi, imefika hivi, naomba kurudisha. Usimtukane, anayesoma malalamiko baadaye atayasoma na matusi yako. Kisha mwambie mkeo bei. Atanuna, lakini kama ni yeye aliyekusaidia kuandika barua hii, na mwandiko unaniambia ni yeye, basi anajua zamani.

Fanya hivyo leo. Siku za kurudisha zinahesabiwa tangu mzigo ulipokufikia, na barua yako imekaa njiani siku sita.