Maua ya Maandiko katika Picha
Namna ya kuchora mimea kwa ajili ya sikukuu ya maua kanisani

Katika vijiji vingi vya Uingereza iko desturi ya kufanya sikukuu ya maua kanisani. Desturi hiyo ilienea sana katika nusu ya pili ya karne ya 20, na hufuatwa zaidi katika miezi ya joto. Kwa siku chache kanisa hupambwa toka mlangoni hata madhabahuni. Kila dirisha na kila nguzo hupewa maua yake. Mara nyingi kila pambo huwa na maana: moja laeleza mfano wa Injili, jingine wimbo wa dini, jingine habari ya nabii. Wageni hutoka mbali kuja kutazama, nao hutoa sadaka. Fedha hizo zina kazi kubwa, maana makanisa mengi ya huko yalijengwa kabla ya mwaka 1500, na paa la umri huo haliishi kutaka matengenezo.

Lakini ua lililokatwa halidumu. Baada ya siku chache hunyauka na kutupwa. Tena mimea itajwayo katika Maandiko haichanui yote kwa wakati mmoja. Mlozi huchanua mwisho wa baridi, mkomamanga huchanua wakati wa joto, wala hapana mpambaji awezaye kuwakutanisha hao wawili katika chombo kimoja. Picha iliyochorwa kwa rangi za maji yaweza. Ndiyo sababu picha za mimea zafaa sana katika sikukuu za namna hii, nalo somo hili laeleza jinsi zifanywavyo.

KWANZA: KUUJUA MMEA

Kazi huanza katika kusoma, kabla ya kushika brashi. Mchoraji huchagua mstari, kisha huuliza: mmea huu ni upi hasa? Jibu si jepesi sikuzote. Mfano ni yale maua yaliyotajwa katika Mathayo 6, ambayo uzuri wake ulipita mavazi ya Sulemani. Biblia ya Kiingereza hutumia jina la nyinyoro, na kwa hiyo wachoraji wengi wa Ulaya walichora nyinyoro jeupe. Biblia ya Kiswahili husema maua tu, wala haitaji aina.

Nyinyoro jeupe lina sifa yake ya zamani, kwani katika picha za Ulaya ndilo ua la Mariamu. Leonardo da Vinci alilichora kwa uangalifu mkubwa katika karne ya 15, na karatasi yake imehifadhiwa katika jumba la Windsor. Lakini katika nchi ya Galilaya ua hilo ni la nadra, halifuniki mashamba. Linalofunika mabonde na vilima vya huko, mvua za baridi zikisha kunyesha, ni anemone nyekundu yenye moyo mweusi. Wataalamu wengi hudhani kwamba hilo, au maua yote ya kondeni pamoja, ndilo lililokusudiwa.

Mchoraji ana uhuru wa kuchagua, ila yampasa ajue sababu ya uchaguzi wake. Akichora nyinyoro, amechora mapokeo ya kanisa. Akichora anemone, amechora kilima cha Galilaya. Yote mawili ni halali. Lisilo halali ni kuchora moja na kuandika chini yake habari za jingine, maana mgeni atazamaye huamini aonacho.

PILI: KUUTAZAMA MMEA ULIO HAI

Mwaka 1503 Albrecht Dürer, Mjerumani, alichora kwa rangi za maji kipande cha nyasi za kawaida, kama kilivyong'olewa pamoja na udongo wake. Picha hiyo ingali katika mji wa Vienna, na watu husafiri kwenda kuitazama. Nabii Isaya aliyafananisha maisha ya mwanadamu na majani yanyaukayo. Dürer aliyatazama majani yayo hayo mpaka kila moja likawa na sura yake.

Hivyo ndivyo impasavyo mwanafunzi. Aweke tawi mbele yake katika chupa ya maji, mwanga ukitoka upande mmoja tu, kisha ahesabu. Majani yamekabiliana mawili mawili, au yamepishana? Ukingo wake ni laini, au una meno? Ua lina vipande vingapi? Katika komamanga, kikonyo cha ua ni kinene na chekundu, nacho hubaki juu ya tunda kama taji. Tunda hilo liliwekwa mfano wake katika pindo la joho la kuhani, kama isomwavyo katika Kutoka 28. Mchoraji asiyeiona taji hiyo atachora tunda jekundu tu, na mtazamaji atadhani ni tofaa.

TATU: KALAMU NA RANGI

Karatasi iwe nene na laini. Vipimo vyote huchukuliwa kwa bikari kutoka katika mmea wenyewe, ili picha iwe na ukubwa wa kweli. Kalamu ya risasi iwe ngumu na mstari uwe mwembamba, kwa kuwa mstari mzito huonekana chini ya rangi na kuichafua.

Ua hupakwa kwanza, majani baadaye, kwa sababu ua ndilo litakalobadilika upesi. Rangi huanza nyepesi, yenye maji mengi. Ikikauka, huongezwa tabaka nyingine, na nyingine, mpaka kivuli kiwe na kina. Mwisho hutumiwa brashi iliyo karibu kukauka kuandika mishipa ya jani na vinyweleo. Rangi ya kijani huchanganywa kwa buluu na manjano, maana kijani cha dukani kikitumiwa peke yake mara nyingi hukosa uhai.

Pahali pa mwanga huachwa karatasi tupu. Ua jeupe, basi, halipakwi rangi nyeupe: huchorwa kwa vivuli vyake vya kijivu na kwa jani la kijani lililo nyuma yake.

Asiyekuwa na nafasi ya kumaliza mbele ya mmea na aige desturi ya Ferdinand Bauer. Mchoraji huyo alisafiri katika nchi za mashariki ya Bahari ya Kati mwaka 1786 na 1787. Njiani alichora kwa kalamu ya risasi tu, akaandika tarakimu juu ya kila sehemu, kila tarakimu ikiwa ni rangi yake. Aliporudi Oxford alizisoma tarakimu hizo, akatengeneza picha zaidi ya 900.

NNE: FIMBO YA HARUNI

Katika Hesabu 17 yasimuliwa jinsi fimbo ya Haruni ilivyochipuka, ikatoa maua na kuzaa malozi yaliyoiva, yote kwa usiku mmoja. Katika shamba jambo hilo huchukua miezi mingi. Mlozi huchanua kabla ya majani kutoka, na malozi huiva mwisho wa joto.

Hapa desturi ya wachoraji wa mimea yalingana na habari yenyewe kwa ajabu. Tangu zamani wao hukusanya katika karatasi moja tumba, ua, jani na tunda, ili msomaji aujue mmea mzima kwa mara moja. Achorae fimbo ya Haruni huchora maua mwezi wa Februari au Machi, huacha nafasi, kisha huirudia karatasi ile ile malozi yanapoiva. Akikawia siku chache na petali zikapukutika, hana budi kungoja mwaka mzima. Mtazamaji kanisani huona jambo la usiku mmoja. Mchoraji ajua ni kazi ya majira mawili.

Haradali nayo ina shida yake. Punje ni ndogo, karibu milimeta moja, na mmea waweza kumpita mtu kwa urefu. Karatasi moja haitoshi ukubwa wa kweli wa vyote viwili. Basi huchorwa tawi moja lenye maua, na kando yake punje mbili: moja kwa ukubwa wake, nyingine iliyokuzwa, na kipimo chake kimeandikwa.

TANO: KUIONYESHA PICHA

Chini ya kila picha na viandikwe vitu vitatu: jina la mmea, mlango na mstari wa Maandiko, na mwezi uliochorwa. Picha isipigwe na jua la dirishani, kwani rangi za maji hupauka. Wala isiegemezwe ukuta wa mawe wenye unyevu, kwani karatasi huota ukungu.

Kazi hii si ya Ulaya peke yake. Joy Adamson alichora mamia ya mimea ya Kenya, na mwaka 1947 alipewa nishani ya Grenfell ya dhahabu na chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza. Picha zake nyingi zimo katika jumba la makumbusho la Nairobi. Atakaye kuanza hahitaji kwenda mbali. Mkomamanga hupandwa katika miji ya pwani. Sukuma wiki iliyoachwa shambani mpaka ikachanua ni ya ukoo mmoja na haradali. Ua lake lina vipande vinne vilivyopangwa kama msalaba. Mwenye kalamu ya risasi, karatasi na saa moja ya utulivu aweza kuanza kwa ua hilo, na kuvihesabu vipande vyake mwenyewe kabla hajachora mstari wa kwanza.